Kabla ya mkopo, kabla ya usajili

Swali: Niko kwenye kamati inayoishauri halmashauri yetu jinsi ya kutumia fedha zilizotengwa kusaidia biashara ndogo ambazo hazijasajiliwa: wachuuzi, mafundi, wauza chakula na wengine wa namna hiyo. Wenzangu wengi wanataka tutoe mikopo, na sharti la kwanza liwe usajili. Wachache wanasema tuanze na mafunzo. Mimi nina shaka na njia zote mbili, lakini sina hoja za kusimamia. Wewe ungeanza wapi? Na tutajuaje kama fedha hizo zimefanya kazi?

Ndugu mjumbe,

Shaka yako ina msingi na hoja zipo. Kwa ufupi, ningeanza na yale ambayo mamlaka yenu yenyewe inawafanyia watu hawa kila siku. Nani anakamata bidhaa zao, kwa amri ipi, na zinaishia wapi? Nani anawatoza, mara ngapi kwa wiki, na risiti iko wapi? Mkopo ufuate baadaye. Usajili uje mwisho kabisa, kwa atakayeona una faida kwake.

Nizungumzie kwanza huo usajili, maana ndiko wenzako walikoegemea. Sharti hili linapendwa sana maofisini kwa sababu linatatua shida ya ofisi: majina yanapatikana, namba za simu zinapatikana, na mwisho wa mwaka kuna takwimu ya kuandika kwenye ripoti. Anachopata mwenye biashara ni swali jingine.

Imani kwamba usajili ndio ufunguo ilipata nguvu miaka ya 1980 nchini Peru. Hernando de Soto na wenzake walifuata taratibu zote za kisheria za kufungua karakana ndogo ya kushona nguo, hatua kwa hatua, na zikawachukua siku 289. Hitimisho lake lilikuwa kwamba watu hawajaikimbia sheria, sheria ndiyo imewafungia nje. Hoja hiyo ilienea duniani, na serikali nyingi zikafupisha fomu, zikashusha ada na kufungua vituo vya huduma za pamoja. Jambo jema, sipingi. Kasoro ilikuwa kwenye matarajio: ilidhaniwa kwamba usumbufu ukiondolewa, watu watamiminika kujisajili. Hawakumiminika.

Sri Lanka ilitoa ushahidi mzuri wa hili. Suresh de Mel, David McKenzie na Christopher Woodruff waliwagawa kwa kura ya bahati nasibu wenye biashara ndogo ambazo hazijasajiliwa. Kundi moja lilielezwa utaratibu na kuahidiwa kurudishiwa gharama za usajili, halikuitikia. Makundi mengine yaliongezewa ahadi ya fedha. Ahadi ilipolingana na faida ya kawaida ya nusu mwezi hadi mwezi mmoja, takribani mmoja kati ya watano alijisajili. Ilipofika faida ya miezi miwili, ndipo karibu nusu wakajitokeza. Miongoni mwa waliokataa, sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa ardhi: mtu hawezi kuonyesha karatasi ya mahali anapofanyia kazi. Sababu hiyo nitairudia hapa chini. Watafiti walipowafuatilia waliojisajili, wastani wa faida ulikuwa umepanda, lakini ulipandishwa na wachache waliokua kwa kasi. Wengi walibaki pale pale.

Nchini Malawi usajili wa jina la biashara ulitolewa bure, ukatenganishwa na ule wa kodi, na takribani robo tatu wakaukubali. Usajili wa kodi, karibu hakuna aliyeutaka. Cheti chenyewe hakikubadili mapato. Mambo yalibadilika kwa wale ambao baada ya kupata cheti walikutanishwa na benki na kufunguliwa akaunti ya biashara palepale: hapo mauzo na faida vilipanda. Kwa hiyo mkiamua kusajili, hakikisheni karatasi inafungua kitu siku ileile. Cheti cha kutundikwa ukutani hakina maana kwa mtu ambaye hata ukuta hana.

Brazil ilienda mbali zaidi. Sheria ya mwaka 2008, iliyoanza kutumika Julai 2009, iliunda hadhi ya mjasiriamali mdogo binafsi, maarufu kwa kifupi MEI. Mtu anajisajili bure mtandaoni na kulipa kiwango kimoja kwa mwezi. Sehemu kubwa ya kiwango hicho inakwenda kwenye hifadhi ya jamii, ili apate pensheni, fao la ugonjwa na la uzazi. Mchango huo ulianza kwa asilimia 11 ya kima cha chini cha mshahara, na mwaka 2011 ukashushwa hadi asilimia 5. Watafiti waliotenganisha hatua hizo mbili walikuta kwamba kurahisisha usajili peke yake hakukuleta watu wapya. Kupunguza mchango ndiko kulikowavuta. Watu hawa wanajua kupiga hesabu. Ukiona hawaji, angalia hesabu uliyowawekea mezani.

Mtu kwenye kamati atasema, na najua atasema: "Lakini hawalipi kodi." Mwambie achunguze vizuri. Mchuuzi ananunua bidhaa kwa jumla zikiwa tayari na kodi ya ongezeko la thamani ndani ya bei, na kwa kuwa hajasajiliwa hawezi kudai kurudishiwa. Juu yake kuna ushuru wa soko au wa siku, ambao kwa kawaida ni kiwango kimoja kwa kila mtu, awe na beseni moja au meza tatu. Ukiugawa kwa mapato yake, mwenye beseni anabeba mzigo mzito kuliko mwenye duka. Halafu kuna malipo yasiyo na risiti, ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayeyaandika. Hazina haiyaoni, lakini mtaji unayaona.

Sasa, hao mnaotaka kuwasaidia ni akina nani? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba watu bilioni 2, zaidi ya asilimia 60 ya wote wenye kazi duniani, wanafanya kazi isiyo rasmi. Afrika ilikuwa asilimia 85.8. Kundi kubwa namna hiyo haliwezi kuwa la aina moja. Wapo wachache wenye biashara inayoweza kukua na kuajiri, na hawa urasimu unawaumiza kweli. Wapo wachache wengine ambao ni wakubwa tayari na wanajificha kusudi ili wakwepe kodi. Hao wanahitaji ukaguzi, na msaada wenu usiwafikie. Halafu wapo wengi, kwa mbali sana, wanaofanya biashara kwa sababu kazi ya mshahara haipo. Hawa hawana ndoto ya kuwa kampuni. Wanataka kesho iwe kama leo au afadhali kidogo, ada ya mtoto ipatikane na mtaji usikatike. Programu nyingi huandikwa kana kwamba wote ni kundi la kwanza, halafu zinashangaa kundi la tatu halikui. Kamati yenu ikikubaliana juu ya hili tu, mtakuwa mmevuka nusu ya ubishi.

Kwa kundi hilo la tatu, msaada mkubwa kuliko wote ni uhakika wa mahali. Nimesema Sri Lanka watu walitaja ardhi kuliko kitu kingine. Mtu anayeweza kuhamishwa wakati wowote hanunui friji, hajengi kivuli, haweki akiba ya bidhaa, kwa sababu vyote hivyo vinaweza kupakiwa kwenye gari la askari. Ananunua cha kuuza leo. Biashara inabaki ndogo kwa sababu udogo ndio usalama wake. Mpe mkopo mtu wa namna hiyo na utakuwa umempa kitu cha kunyang'anywa.

Mfano mbaya kabisa ni Zimbabwe mwaka 2005. Operesheni Murambatsvina ilibomoa vibanda, masoko na nyumba mijini kote. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyoandikwa na Anna Tibaijuka ilikadiria kwamba watu 700,000 walipoteza makazi, riziki au vyote viwili. Hakuna mfuko wa mikopo wa halmashauri yoyote unaoweza kufidia wiki chache za namna hiyo. Kwenu haitafika huko, natumaini, lakini bomoabomoa ndogo ndogo za kila msimu hufanya kazi ileile polepole.

Kwa upande wa pili kuna India. Sheria ya wachuuzi wa mitaani ya mwaka 2014 inaagiza kila mji uwe na kamati ya uchuuzi ambamo wachuuzi wenyewe ni angalau asilimia 40 ya wajumbe, na theluthi ya wachuuzi hao wawe wanawake. Mji unatakiwa kuwahesabu wachuuzi angalau mara moja kila miaka mitano, kuwapa vyeti, na usimhamishe mtu kabla hesabu haijakamilika. Sheria hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Nyuma yake kuna miongo ya vyama kama SEWA, chama cha wanawake waliojiajiri kilichoanzishwa Ahmedabad na Ela Bhatt mwaka 1972, kesi nyingi mahakamani, na wachuuzi waliochoka. Utekelezaji umesuasua katika miji mingi, na askari bado wanakamata mizigo. Hata hivyo mchuuzi mwenye cheti ana kitu cha kumwonyesha askari na kitu cha kwenda nacho mahakamani, na hiyo ni tofauti kubwa.

Tena angalia kilichofuata. Janga la korona lilipokatisha mitaji, Juni 2020 serikali ya India ilianzisha mpango wa mikopo kwa wachuuzi hao: rupia 10,000 bila dhamana, aliyemaliza kulipa alipanda hadi 20,000, kisha 50,000. Benki ndizo zilizokopesha. Serikali ilibeba sehemu ya riba, asilimia 7 kwa mwaka, kwa anayelipa kwa wakati. Mchuuzi ambaye hesabu ilimruka aliweza kupata barua ya utambulisho kutoka mamlaka ya mji wake. Zingatia mpangilio: kwanza haki ya kuwepo, kisha utambulisho, ndipo mkopo. Wenzako wanataka kuupindua mpangilio huo.

Durban, Afrika Kusini, inafundisha jambo jingine. Kuanzia miaka ya 1990 mamlaka ya jiji katika eneo la Warwick Junction, penye kituo kikubwa cha usafiri, ilikaa na wafanyabiashara badala ya kuwafukuza. Paa zikawekwa, maji, vyoo, maghala ya kulaza bidhaa. Wauza dawa za asili wakajengewa soko juu ya vipande vya barabara ya juu ambayo haikuwahi kukamilika. Lakini mwaka 2009 jiji hilohilo lilitaka kujenga jengo la maduka ya kisasa mahali pa soko la asubuhi, na wafanyabiashara wakalazimika kupigana hadi mahakamani kuuzuia mradi. Nia njema ya maofisa hubadilika maofisa wakibadilika. Chochote mtakachowapa wachuuzi, kiandikwe kwenye sheria ndogo za halmashauri.

Na vyoo, tafadhali. Najua havivutii kwenye uzinduzi, hakuna mgeni rasmi anayetaka kukata utepe wa choo. Ila mwanamke anayeuza kutwa nzima mahali pasipo na choo anafunga mapema, au anaumwa. Ghala la kulaza bidhaa linaokoa nauli ya kuzibeba kila siku. Taa zinaongeza saa za kuuza. Hivi ni vitu ambavyo halmashauri inajua kujenga, vinamfikia aliyesajiliwa na asiyesajiliwa, na havihitaji kurejeshwa.

Kuhusu mikopo, usiingie kikaoni na kusema haifai kabisa, maana utashindwa. Sema hivi: mikopo midogo imepimwa sana na imeonekana kuwa na faida ndogo kuliko sifa zake. Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita, za Bosnia, Ethiopia, India, Mexico, Mongolia na Morocco. Watu walipata uhuru zaidi wa kupanga matumizi na kazi zao, wengine walipanua biashara, lakini hapakuwa na mahali ambapo umaskini ulishuka kwa namna ya kuonekana wazi.

Sababu moja iko kwenye ratiba ya rejesho. Mkopo wa kawaida unaanza kulipwa wiki mbili baada ya kuchukuliwa, kisha mfululizo. Fedha ya namna hiyo inatosha kununua bidhaa za kuzungusha haraka, haitoshi kununua mashine ambayo itaanza kulipa baada ya miezi. Kolkata, India, wakopaji fulani walipewa miezi miwili ya kupumua kabla ya rejesho la kwanza. Miaka mitatu baadaye faida zao zilikuwa juu kuliko za wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, na hili lisifichwe. Mkopaji anayeruhusiwa kuthubutu atakua au ataanguka, na taasisi inayotaka kila senti irudi itachagua wasiothubutu.

Ruzuku ya mtaji nayo imejaribiwa. Sri Lanka, mtaji uliotolewa kwa kura uliwapandishia faida wanaume, lakini kwa wanawake haukuonekana kuzaa. Ghana walijaribu kutoa bidhaa na vifaa badala ya fedha taslimu, na kwa wanawake wenye biashara zisizo ndogo mno, vifaa vilipandisha faida pale ambapo fedha taslimu haikufanya hivyo. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba noti ndani ya nyumba haina mwenyewe: kuna mgonjwa, kuna karo, kuna shemeji. Cherehani haigawanyiki. Kwa waliokuwa chini kabisa, si vifaa wala fedha vilivyoinua biashara, na mimi nadhani watu hao wanahitaji hifadhi ya jamii kuliko programu ya ujasiriamali.

Lililo muhimu zaidi: halmashauri yenyewe isiwe mkopeshaji. Mkopo wa serikali hupokewa kama mgawo, hasa ukitolewa karibu na uchaguzi, na anayeutoa hana ujasiri wa kuudai. Vikundi huundwa kwa ajili ya fomu na kuvunjika fedha zikishagawanywa. Kama lazima kuwe na mikopo, acheni benki au vyama vya akiba na mikopo wakopeshe, ninyi mbebe sehemu ya riba kama India, na mkazanie miezi ya kupumua. Hapo angalau mtakuwa mmempa mtu njia ya kukwepa wakopeshaji wa kausha damu.

Mafunzo nitayapitia haraka. Yale ya kawaida ya kuweka hesabu na kuandika mpango wa biashara hubadilisha kidogo sana. Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa kwa kura: baadhi wakapata mafunzo ya kawaida, baadhi mafunzo ya kisaikolojia ya kujituma, yaani kutafuta fursa kabla ya wengine, kuweka malengo na kushughulika na vikwazo. Faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30. Ya kundi la kwanza haikupanda kwa kiwango cha kuaminika. Kama wenzako wanang'ang'ania mafunzo, waulize watafundisha nini.

Kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye kamati yenu ni ugonjwa. Mitaji mingi midogo haifi kwa ushindani, inafia hospitali. Thailand mwaka 2002 ilianzisha bima ya afya kwa wote inayolipiwa na kodi, kwa kumfikia kila asiyekuwa kwenye mfuko mwingine, na mgonjwa akachangia baht 30 tu kwa kila ziara. Hakuna aliyeulizwa leseni ya biashara. Halmashauri haiwezi kuanzisha bima ya taifa, lakini inaweza kulipia au kuchangia michango ya mfuko uliopo, na huo ungekuwa msaada wa biashara wa kweli.

Wasiwasi kwamba bila usajili hamtawapata walengwa nao una jibu. Togo, Aprili 2020, ilituma fedha za kujikimu kwa simu kwa wafanyakazi wasio rasmi kupitia mpango wa Novissi, ikitumia daftari la wapiga kura, ambalo lilikuwa na kazi ya kila mtu. Wasiokuwa na kadi ya mpiga kura waliachwa nje, kwa hiyo njia hiyo si kamilifu. Ila inaonyesha kwamba orodha inaweza kupatikana bila kumlazimisha mtu awe kampuni. Ninyi mna vitabu vya ushuru wa soko, mna vyama vya wachuuzi, mna vikundi vya upatu vinavyojuana kwa majina.

Na kupima. Msihesabu vyeti vilivyotolewa wala mikopo iliyogawiwa. Hizo ni kazi za ofisi. Kabla ya kutumia senti, chukueni maeneo kadhaa, chezesheni bahati nasibu hadharani kuamua yapi yaanze mwaka huu na yapi mwakani, kisha yaangalieni yote. Ulizeni watu walewale kabla na baada ya mwaka: bidhaa zako zimekamatwa mara ngapi, umepoteza siku ngapi za kazi, umelipa nini bila risiti, mtaji wako leo ni kiasi gani ukilinganisha na mwaka jana. Watafuteni na walioacha biashara, maana ukiuliza waliobaki tu utasikia habari njema daima. Maswali hayo waulize watu ambao si wakusanya ushuru na hawavai sare, la sivyo kila mtu atakuambia hana kitu.

Kwenye kikao kijacho, kabla mjadala wa mikopo haujaanza, omba kwa maandishi taarifa ya bidhaa zilizokamatwa mwaka uliopita: zilikuwa za nani, zilirudishwa ngapi, zilizobaki ziko wapi.